Mtumwa, Mtume na Mtumishi: Juu ya Maneno ya Sala na Utii wa Hiari katika Iringa na Mbeya

Imekuwa desturi kwa wafasiri wa Maandiko ya Kikristo na waandishi wa vitabu vya sala kulifuta neno mtumwa kila wanapoweza, na kuliweka neno mtumishi mahali pake. Wanaofanya hivyo husifiwa kwa huruma yao na kwa wepesi wa Kiswahili chao. Sina nia ya kuwanyima sifa hiyo. Lakini kubadili neno katika sala si sawa na kubadili neno katika gazeti, maana gazeti husomwa mara moja, kisha likafungiwa sukari dukani, na sala husemwa kila siku mpaka ikawa sehemu ya fikira za msemaji. Kwa hiyo yafaa tuulize: mtu anayemwambia Mungu kwamba yu tayari kulitenda kusudi Lake, kwa hiari wala si kwa kushurutishwa, asema nini hasa kwa Kiswahili? Na maneno aliyopewa yamtosha?

Nimeichagua mikoa ya Iringa na Mbeya, pamoja na ile iliyozaliwa humo baadaye, yaani Njombe mwaka 2012 na Songwe mwaka 2016, kwa sababu huko swali hili laonekana wazi kuliko pwani. Mswahili wa pwani alirithi maneno yake ya ibada pamoja na maziwa ya mama, na aghalabu hayasikii tena mizizi yake. Mnyakyusa, Mhehe, Mbena, Mkinga, Msafwa na Mnyiha waliyapokea maneno hayo wakiwa watu wazima wa lugha nyingine, na wengi wa vizazi vya kwanza walijifunza Kiswahili na sala kwa wakati mmoja, shuleni na kanisani. Mtu wa namna hiyo huyapima maneno. Huyaweka kando ya maneno ya nyumbani, akayaona marefu au mafupi.

Historia yenyewe nitaigusa kidogo tu. Wamoravia na Misioni ya Berlin waliingia ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa mwaka 1891. Wamoravia wakakaa Rungwe, na Waberlin wakapanda hatua kwa hatua mpaka Ukinga na Ubena. Wabenediktini walifika Tosamaganga kabla ya karne ya 19 kwisha, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza kazi yao katika Uhehe ikachukuliwa na Wakonsolata. Wamisionari wa Kiprotestanti walianza kwa lugha za wenyeji. Pale Mbozi, kituo kilichoanzishwa mwaka 1899, Traugott Bachmann alijifunza Kinyiha kwa bidii hata akaanza kuzitilia shaka baadhi ya amri alizokuja nazo. Kiswahili kilikuja baadaye, na kilikuja katika sura zaidi ya moja. Kulikuwa na tafsiri za Unguja na Mombasa. Kukawa na Biblia ya Karl Roehl ya mwaka 1937, ambaye alijitahidi kupunguza maneno yenye asili ya Kiarabu na kuyaweka ya Kibantu. Kisha ikaja tafsiri ya Union ya mwaka 1952, ambayo ndiyo iliyotawala. Wakatoliki walikuwa na sala zao wenyewe, na maneno yao hayakufanana na ya jirani zao. Msomaji na alikumbuke hilo la mwisho, maana nitalirudia.

Tuanze na kitenzi tuma. Ni kitenzi kifupi cha Kibantu, na kimezaa majina matatu ambayo bila hayo hapana Mkristo wala Mwislamu awezaye kueleza dini yake kwa Kiswahili. La kwanza ni mtumwa, latokana na kauli ya kutendwa: tumwa. Kauli hiyo, hata isipomtaja mtendaji, humwachia nafasi yake. Asemaye mtumwa amekwisha kukiri kwamba yuko mtu mwingine atumaye. La pili ni mtume. Hilo lina mwisho wa -e, ule tuuonao katika kiumbe na mteule na mshinde, nao huonyesha hali ya mtu au kitu kilichokwisha kutendwa jambo na sasa kinalichukua. Mtume ametumwa, lakini sarufi yamtazama akiwa njiani na ujumbe mkononi. La tatu ni mtumishi, nalo halikutoka katika tuma moja kwa moja, bali katika tumika, kwa njia ile ile ambayo mpishi ametoka katika pika na mwandishi katika andika. Tumika ni kauli ya kutendeka. Kauli hii haimtaji mtendaji wala haimwachii nafasi. Kikombe kimevunjika: aliyekivunja hayumo. Mtu anatumika: aliyemshurutisha hayumo.

Mwalimu wangu mmoja huko ughaibuni alipenda kutuonya kwamba asili ya neno si maana ya neno, na onyo hilo ni la haki. Hapana muumini wa Makete apigaye magoti akiwaza juu ya viambishi. Hata hivyo, majina matatu yanapokaa pamoja katika kitabu kimoja na sala moja, tofauti zake huendelea kufanya kazi hata kama hazitajwi, na mtu huzijua kama ajuavyo ngazi za nyumba yake gizani.

Wafasiri wa mwaka 1952 walimwita Paulo mtumwa wa Kristo, na hawakuogopa. Tafsiri za baadaye, Habari Njema miongoni mwao, zimelipendelea neno mtumishi mahali hapo, na kuliacha mtumwa kwa wale walionunuliwa sokoni. Sababu yajulikana. Katika nchi ambayo misafara ya pembe na watu ilipita, ambapo utumwa ulikomeshwa na sheria mwaka 1922 tu, na ambapo pale Karonga, upande wa pili wa mpaka, mfanyabiashara Mlozi aliendelea kuuza watu mpaka aliposhindwa mwaka 1895, neno mtumwa lilikuwa na harufu ya mnyororo. Ni vigumu kumwambia mjukuu wa aliyefungwa kongwa kwamba heshima iliyo kuu kuliko zote ni kuwa mtumwa.

Nakubali. Lakini nauliza pia kilichopotea. Paulo hakuchagua neno la kinyonge kwa kukosa jingine. Alichagua neno la mtu aliyenunuliwa, akalivaa mwenyewe, na katika kulivaa kwake ndimo ilimo hiari. Katika kitabu cha Kutoka, mlango wa 21, iko sheria ya mtumwa ambaye mwaka wake wa uhuru umefika naye akakataa kutoka kwa kuwa ampenda bwana wake; huyo hutobolewa sikio mlangoni, akatumika siku zote. Mtu huyo hawezi kuitwa mtumishi bila hadithi kuharibika. Thamani ya kukubali kwake yatokana na uzito wa alichokikubali. Ukimpa jina jepesi tangu mwanzo, hana tena cha kukubali.

Wala mtumishi halikubaki jepesi tu. Limepata maisha mengine. Serikali ililichukua. Mtumishi wa umma ana cheo, mshahara, likizo na malipo ya uzeeni, na akitendewa visivyo ana mahali pa kukata rufani. Hayo yote ni mema, lakini muumini anapojiita mtumishi mbele ya Mungu, masikio yake yaliyozoea ofisi ya wilaya hayawezi kuizuia sauti hiyo isiingie. Tena katika miaka ya karibuni neno limefanya safari ya ajabu zaidi. Pita katika kituo cha mabasi cha Mbeya au soko la Iringa, utawasikia watu wakiitana “Mtumishi!” kwa heshima, na aitwaye ni mchungaji, au mwinjilisti, au mwimbaji wa kwaya mwenye jina. Mtumishi amekuja, mtumishi apewe kiti. Jina lililofanywa ili kumshusha mtu chini limegeuka kuwa la kumpandisha. Jambo hili si geni katika lugha za ulimwengu. Waziri wa Waingereza naye alikuwa mtumishi kwa asili ya neno lake. Lakini waliolifuta mtumwa kwa kuogopa aibu hawakuona kwamba mtumishi lingeelekea kwenye fahari, na kwamba katika sala fahari ni hatari kuliko aibu.

Kuna mfano mmoja katika historia ya nyanda hizi ambao naona wawaaibisha wote wanaoyatumia majina haya ovyo. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika, wamisionari Wajerumani waliondolewa katika vituo vyao. Waskoti wa Livingstonia walisaidia kuyaangalia makanisa ya Rungwe mpaka Wamoravia walipoanza kurudi katikati ya miaka ya 1920, lakini mzigo wa kila siku, wa kufundisha, kuzika, kupatanisha na kusali, ulibebwa na walimu na wazee Waafrika. Tazama sasa hali yao kwa macho ya sarufi. Walikuwa wametumwa na watu, na watu waliowatuma wameondoka. Mtumwa ambaye bwana wake amekwenda ni huru. Mtumishi ambaye mwajiri wake amekwenda hana kazi. Wao hawakuwa huru kwa maana hiyo, wala hawakukosa kazi. Jina lililobaki la kuwaita ni lile la katikati, mtume, la mtu aliyekwisha kupewa ujumbe na sasa unamhusu yeye. Kanisa lao halikuwaita hivyo, na nadhani wao wenyewe wangekataa.

Nitaongeza neno moja juu ya mjakazi, kwa kuwa limo katika habari ya Mariamu, ambaye Wakristo wote humtaja kama mfano wa mtu aliyekubali kusudi la Mungu bila kulazimishwa. Tafsiri ya Union yamwita mjakazi. Vitabu vya Wakatoliki humwita mtumishi. Watu wengi, hata wahubiri, hulieleza mjakazi kuwa ni “mja wa kazi”, yaani aliyekuja kufanya kazi. Maelezo hayo ni mazuri kwa mahubiri lakini si kweli. Kazi ya hapo si kazi ya mikono. Ni mzizi wa Kibantu wenye maana ya mwanamke, ule ulio katika neno la Kiganda omukazi, nao umejificha katika Kiswahili katika mkazamwana. Mjakazi ni mja wa kike, basi. Na mja, katika Kiswahili cha zamani, ni mtumwa, na tena ni binadamu yeyote mbele ya Mungu: waja wake Mola. Washairi wa pwani walilitumia hivyo kwa karne nyingi pasipo kuona haya, kama Waarabu wanavyomwita mtoto Abdallah. Neno ibada lenyewe, ambalo Wakristo wa Iringa hulitaja kila Jumapili, limetoka katika mzizi huo huo wa abdi. Aliyekimbia utumwa katika jina akaubakiza katika ibada hakukimbia mbali.

Sasa nafika mahali ambapo jambo lina utajiri zaidi, nalo ni ombi lililo katikati ya sala kuu ya Wakristo, linalohusu yale anayoyataka Mungu. Hapo Mmoravia wa Rungwe na Mkatoliki wa Tosamaganga hawasemi neno moja. Wa kwanza atumia mapenzi. Wa pili atumia utakalo. Kwa kitenzi, wa kwanza asema yatimizwe, na wa pili asema lifanyike. Nimewasikia watu wakisema kwamba tofauti hiyo ni ya mtindo tu. Mimi naona ni tofauti ya fikira, na kila upande una faida na hasara yake.

Mapenzi yatokana na penda. Aliyelichagua neno hili alitaka kusema kwamba atakacho Mungu ndicho akipendacho, na kwamba amri Yake si ya ukali. Ni uchaguzi wa moyo mwema, na una msingi katika Kiswahili cha zamani, ambapo kwa mapenzi ya Mungu ilikuwa na maana ya kwa idhini na radhi Yake. Lakini lugha haikungoja. Leo kijana wa mjini akisikia mapenzi pasipo maneno mengine kando yake, hasikii idhini wala radhi; asikia mambo ya wavulana na wasichana. Mwalimu wa dini atamweleza, naye ataelewa, lakini sala inayohitaji maelezo kila mara imekwisha kupungukiwa. Utakalo halina shida hiyo. Tena lina uzuri wa kisarufi ambao sijaona ukisifiwa: ni urejeshi usio na alama ya wakati. Halisemi ulilolitaka, wala unalolitaka, wala utakalolitaka. Ni lolote, la wakati wowote. Mtu anayekubali utakalo amekubali jambo asilolijua bado. Hiari iliyo kubwa kuliko hiyo siioni katika sarufi yetu. Kasoro yake ni kwamba taka ni kitenzi kikavu. Mfalme mwema na mfalme mbaya wote hutaka.

Katika vitenzi, mizani huinamia upande wa pili. Ashton, katika kitabu chake cha sarufi cha mwaka 1944, alieleza vema tofauti kati ya kauli ya kutendwa na kauli ya kutendeka: ya kwanza humjua mtendaji hata asipotajwa, na ya pili hutazama hali tu. Yatimizwe ni ya kwanza. Husikia ndani yake swali: na nani? Anayelisema ombi hilo huenda akawaza kwamba Mungu atayatimiza mwenyewe, au malaika, au watawala; lakini nafasi ya mtendaji i wazi, na hapana kinachomzuia msemaji asiingie humo. Naam, ni vigumu kulisema kwa moyo wote bila kuingia. Lifanyike limeifunga nafasi hiyo. Jambo litafanyika kama mvua inyeshavyo. Anayeomba husimama pembeni, akitazama, akitumaini. Huo nao ni unyenyekevu, wala siudharau. Lakini ni unyenyekevu wa mtazamaji.

Msomaji makini atanikatiza hapa. Ataniambia kwamba kauli ile ile ya kutendeka niliyoisifu katika mtumishi, kwa kuwa haimtaji mshurutishaji, sasa naishutumu katika lifanyike. Ni kweli, na sioni aibu. Kauli ya -ika hunyamaza. Katika jina la mtu anayetumika, inanyamaza juu ya nguvu iliyo nje yake, na kimya hicho humpa nafasi ya hiari. Katika kusudi linaloombwa, inanyamaza juu ya mikono itakayolitenda, na kimya hicho humpokonya nafasi ile ile. Ningekuwa na ruhusa ya kuunganisha, ningechukua jina la Wakatoliki na kitenzi cha Wamoravia. Najua kwamba ruhusa hiyo haipo, na pengine ni heri, maana sala zinazotungwa na wasomi wa lugha hazidumu.

Tumeona mahali hiari ilipofichwa. Je, hatuna neno lake wazi? Tunalo: ni hiari yenyewe, neno la asili ya Kiarabu lenye maana ya kuchagua. Tena tunacho kirejeshi -ji-, ambacho humfanya mtu awe mtendaji na mtendwa kwa mara moja: kujitoa, kujitolea, kujiweka. Kwa mtazamo wa sarufi peke yake, ningesema kwamba kujitoa ndilo neno bora kuliko yote kwa habari tunayoizungumza. Kwa nini basi wazee wengi wa Iringa hulisikia neno hiari kwa uso mzito?

Jibu haliko katika kamusi. Mwaka 1967, siasa ya Ujamaa Vijijini ilipotangazwa, iliandikwa kwamba watu wataelimishwa na kushawishiwa wakubali, na kwamba hawatashurutishwa. Ilikuwa siasa yenye neno hiari moyoni mwake. Huko Isimani, katika mkoa wa Iringa, mambo yalikuwa magumu tangu mapema. Mkuu wa Mkoa, Dakta Wilbert Klerruu, aliuawa huko siku ya Krismasi mwaka 1971 katika ugomvi na mkulima juu ya mambo hayo. Mwaka 1973 kuishi vijijini kukawa amri, na katika miaka mitatu iliyofuata mamilioni ya watu wa Tanzania walihamishwa. Neno hiari halikufutwa katika hotuba. Lilibaki humo, likawa na maana ya kufanya ulichoamriwa bila kunung'unika. Kujitolea nako kukapatwa na jambo kama hilo: siku ya kujitolea ilikuwa na orodha ya majina, na asiyefika alitozwa faini. Sisemi hayo ili kufungua hukumu ya siasa. Wako walio hodari kwa kazi hiyo. Nasema kwamba neno likisha kutumiwa hivyo kwa miaka kumi, mhubiri anayelichukua na kuliingiza katika sala apaswa kujua anachokibeba.

Hapo ndipo lugha za wenyeji zinapopata thamani mpya, nami nitazitazama kwa mifano michache, hasa ya Kinyakyusa. Monica Wilson, ambaye yeye na mumewe Godfrey walikaa kwa Wanyakyusa kwa utafiti kati ya mwaka 1934 na 1938, ametuachia katika vitabu vyake vya mwaka 1957 na 1959 habari nyingi za sala za kale za nchi hiyo. Kwa masimulizi yake, Kyala, jina ambalo Wakristo hulitumia kwa Mungu, hapo zamani lilikuwa la mmoja wa mashujaa wenye msitu wao mtakatifu karibu na ziwa. Wamisionari na waumini wa kwanza ndio waliolikuza. Waheheh na Wabena walikuwa na Nguluvi. Lakini linalonivuta zaidi ni habari ya hasira. Kwa Wanyakyusa sala ya mtu aliyeficha hasira haikuwa na nguvu. Watu walipaswa kusema waziwazi kinyongo chao, kisha mkubwa wa jamaa alitia maji kinywani akayapuliza nje, kuwa ishara kwamba kilichokuwa ndani kimetoka. Baada ya hapo waliweza kuomba. Mwislamu angesema kwamba nia lazima itangulie sala. Mnyakyusa alikuwa na njia yake ya kuitengeneza nia hiyo mbele ya mashahidi.

Iko habari nyingine, ya kutisha. Pale Lubaga alikaa Lwembe, mtu ambaye uhai wa nchi, mvua yake na rutuba yake, vilidhaniwa kukaa katika mwili wake. Cheo hicho hakikutamaniwa. Makuhani walimchagua mtu wa ukoo na kumkamata, maana kila mmoja alijua kwamba Lwembe akiugua sana hakuachwa afe mwenyewe, bali alizibwa pumzi, ili nguvu za nchi zisipungue pamoja na zake. Huyo alikuwa mtu aliyelitumikia kusudi kubwa kuliko yeye, akalitumikia mpaka kufa, na hapana aliyemwuliza. Kwa Kiswahili ni mtumwa kwa maana kamili ya kauli ya kutendwa. Wazee wa Rungwe walioibeba kazi ya kanisa miaka ya vita walikuwa wana wa watu walioijua habari hiyo. Waliposikia kwamba katika dini mpya mtu huulizwa kwanza, na anaweza kukataa, naamini walielewa ukubwa wa jambo hilo kuliko waliowahubiria.

Kinyakyusa kina neno ubwigane, litokalo katika -gana, kupenda. Ni neno la mapenzi na la kutaka kwa pamoja, na halikuchafuliwa na nyimbo za redio kama mapenzi ya Kiswahili yalivyochafuliwa. Kwa hiyo yule ambaye alisali kwanza kwa Kinyakyusa, kisha akavuka kuingia Kiswahili, huenda alilisikia neno mapenzi kwa masikio ya ubwigane, akapata maana nzuri kuliko ile tuliyo nayo sisi wa mijini. Lakini kuvuka si salama siku zote. Wamoravia walikiita kituo chao kimoja Rutenganio, kwa neno la Kinyakyusa ulutengano, ambalo maana yake ni amani. Mswahili asiyejua hilo asikia utengano, yaani kufarakana. Sauti moja, na kati yake bonde zima.

Nayasema haya kwa sababu kazi ya kutafsiri haikwisha. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 shirika la SIL lilianza mradi wenye makao yake Mbeya, wa kutafsiri Biblia kwa pamoja katika lugha kadhaa za Mbeya na Iringa, miongoni mwao Kisafwa, Kimalila, Kindali, Kinyiha, Kisangu, Kibena, Kikinga na Kiwanji. Wafasiri wake ni wenyeji, nao walisoma Maandiko kwa Kiswahili tangu utotoni. Ni faida kubwa, na ni mtego pia. Ukikwama katika Kisafwa, Kiswahili kiko mbele yako, tayari, kimezoeleka kanisani. Ni rahisi kukitia kiambishi cha Kisafwa na kuendelea. Kwa njia hiyo mtumishi wa ofisini ataingia katika lugha ambayo haijapata kuwa na ofisi, na mapenzi ya mjini yatapandishwa mlimani. Tena mfasiri aliyezoea kanisa lake atachagua kauli ya kutendwa au ya kutendeka kwa kufuata kitabu alichokulia, Union au cha Wakatoliki, na hali lugha yake mwenyewe ina kauli zote mbili na huenda ina na ya tatu.

Ningewashauri wafasiri hao wafanye jambo moja kabla ya kulikaza neno lolote la utumishi au la hiari. Wamwendee mzee ambaye hakusoma, wasimwulize “mtumishi” waitaje, maana atawapa neno la Kiswahili kwa adabu. Wamwulize jina la mtoto ambaye, baba yake asipokuwapo, amewatoa ng'ombe zizini bila kuagizwa, na akarudi nao jioni.